Nani Atakayelisoma Daftari Hili? Historia ya Utafiti juu ya Watu Wasiohesabiwa Wanaume wala Wanawake katika Afrika ya Mashariki

Katikati ya mwaka 2018 mwanafunzi wangu mmoja alikwenda Nyahanga, katika mji wa Kahama, kukusanya habari za tasnifu yake juu ya malezi ya kichungaji kwa watu wanaohamia karibu na migodi. Nyahanga si mahali pa ukoo mmoja. Wamo Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa. Wamo waliofuata dhahabu Geita na Kakola kisha wakarudi nyuma kutafuta chumba cha bei nafuu. Wamo waliokuja mgodi wa Buzwagi ulipoanza kazi mwaka 2009, na baadhi yao walibaki hata baada ya mgodi huo kusimama mwaka 2021. Mwanafunzi huyo alichukua fomu ya kurasa nne ambayo mimi mwenyewe niliisahihisha na kuitia sahihi. Mstari wa pili wa fomu ulikuwa na visanduku viwili: Me na Ke.

Katika nyumba moja ya kupanga alikutana na mtu ambaye majirani wote walimwita Fundi. Ni fundi wa nini, sitasema, na mambo mengine machache nimeyabadili kwa makusudi. Mwanafunzi, kwa adabu aliyofundishwa nyumbani kwao, aliuliza amwamkie kwa jina gani, kaka au dada. Akajibiwa, "Niite Fundi, kama wanavyoniita wengine." Kisha Fundi akaichukua fomu, akaitazama kwa muda mrefu, akairudisha bila kuweka alama katika kisanduku chochote, akauliza: "Nani atakayelisoma daftari hili?" Mwanafunzi akasema, "Mwalimu wangu." "Na baada ya mwalimu wako?" Hapo mwanafunzi hakuwa na jibu, na aliporudi chuoni akaniletea swali hilo niligundua kwamba nami sikuwa nalo.

Makala haya ni jaribio la kulijibu kwa njia ya historia. Sikusudii kuufungua tena mjadala wa ndoa. Msimamo wa maaskofu wa KKKT unajulikana tangu Tamko la Dodoma la mwaka 2010, na wasomaji wa jarida hili wanaufahamu. Ninalouliza ni jambo jingine, nalo liko chini ya Amri ya Nane: tunapoandika habari za jirani, je, ushuhuda wetu ni wa kweli? Nimepitia maandiko ya zaidi ya karne moja yaliyoandikwa juu ya watu wa Afrika ya Mashariki ambao jamii zao, au wao wenyewe, hawakuwahesabu moja kwa moja kuwa wanaume au wanawake. Yaonekana kwangu kwamba kosa la kudharau rangi ya watu hao na kosa la kuielewa vibaya hali yao yalitoka katika chemchemi moja, yaani jibu lilikuwa limekwisha andikwa kabla mtafiti hajafunga safari.

Vitabu vya mabara ya mbali

Tuanze na mtu aliyefika karibu na kwetu. Richard Burton aliingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, na ni kutoka hapo mwenziwe Speke alipita katika nchi hizi zetu kwenda kuliona ziwa mwezi Agosti 1858. Miaka karibu thelathini baadaye, katika insha aliyoiambatanisha na tafsiri yake ya hadithi za Alfu Lela Ulela, Burton alichora ukanda wa dunia ambamo, kwa maoni yake, mapenzi ya jinsi moja na wanaume wenye mwenendo wa kike walipatikana kwa wingi. Afrika ya watu weusi aliiacha nje ya ukanda huo. Kabla yake, katika karne ya 18, mwanahistoria Gibbon alikuwa ameandika imani na tumaini lake kwamba watu weusi katika nchi yao wenyewe hawakuijua hali hiyo. Msomaji asidhani kwamba hizo zilikuwa sifa. Sababu iliyofichwa chini yake ilikuwa kwamba Mwafrika yu karibu mno na maumbile, kama mnyama wa porini, hata asiweze kuwa na mambo yanayozaliwa na ustaarabu.

Kisha akaja Oscar Baumann, mzaliwa wa Vienna. Mwaka 1892 alisafiri kutoka Tanga kupitia nchi ya Wamasai, akapita kusini mwa Ziwa Viktoria hadi Burundi, na mwaka 1894 akachapisha kitabu kikubwa cha safari hiyo. Mwaka 1896 alifanywa konseli wa Austria na Hungaria huko Unguja. Habari alizokusanya Unguja juu ya watu waliogeuza desturi za jinsi zilichapishwa Berlin mwaka 1899, mwaka ule ule aliofariki. Ni kurasa chache tu, lakini zimenukuliwa tena na tena. Ndani yake mna maneno ya Kiswahili ya wakati ule, kama vile mke-si-mume, na kwa ajili hiyo zina thamani. Hata hivyo mpangilio wake wote ni wa rangi. Watu wamegawanywa kwanza kwa kabila na damu, kisha kwa wale waliozaliwa hivyo na wale waliojifunza. Na kujifunza huko lawama yake wametupiwa Waarabu. Hakuna hata mmoja wa watu hao aliyeandikwa maneno yake mwenyewe juu ya maisha yake.

Lililonishangaza ni hili. Leo tunapojadiliana barazani, mmoja husema mambo hayo hayakuwapo Afrika, yameletwa na wageni, na mwingine hujibu kwa kutaja kumbukumbu za wakoloni kuwa ushahidi. Wa kwanza anadhani anaitetea Afrika, kumbe anamfuata Burton na Gibbon. Wa pili anasimama juu ya Baumann. Wote wawili wanakula kutoka chungu kimoja kilichopikwa na watu waliotudharau. Tena waandishi hao waliyachanganya mambo mawili yasiyo sawa, yaani mtu anampenda nani, na mtu ni nani. Mchanganyo huo umo bado katika mazungumzo yetu, na hata katika mahubiri.

Yafaa kukumbuka pia kwamba Berlin iliyochapisha habari za Baumann ndiyo Berlin iliyokuwa ikikusanya mafuvu ya watu wetu ili kupima vichwa. Washarika wa Kaskazini wanajua habari za Mangi Meli, aliyenyongwa Moshi tarehe 2 Machi 1900. Mwaka 2023 wataalamu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba kwa vipimo vya vinasaba wamepata jamaa walio hai wa baadhi ya mafuvu hayo, wakiwamo watu wa Kilimanjaro. Aliyepima fuvu na aliyeandika mwenendo wa watu wa Unguja walikuwa wanachama wa elimu moja, na hakuna aliyeomba ruhusa.

Wazee waliokaa kikao

Zamani za Waingereza hali ilibadilika sura. Hans Cory, naye mzaliwa wa Vienna, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, aliijua nchi ya Wasukuma kuliko Wazungu wengi wa siku zake. Kitabu chake cha sheria na mila za Wasukuma kilitoka mwaka 1953, na mwaka 1955 aliandika juu ya chama cha Buswezi. Sina nia ya kumkebehi; bila kazi yake tungekuwa maskini zaidi wa kumbukumbu. Lakini njia yake ilikuwa kuwaita watemi na wazee wa baraza, kuwauliza kanuni ni ipi, na kuandika walivyokubaliana. Wazee hao walikuwa wanaume. Walichokisema kikao hicho kikawa ndiyo mila, na mambo ambayo hawakuyasema, au waliyaonea haya, au hayakuwahusu, yakawa hayapo.

Kwamba jambo hili si dogo, tuna ushahidi wa karibu kabisa. Kazi ya kuziunganisha sheria za mila, ambayo Cory aliishughulikia hadi kifo chake mwaka 1962, ilizaa Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963. Kwa kanuni za urithi zilizomo humo, wajane wawili wa Mkoa wa Shinyanga walitolewa katika nyumba za waume zao. Walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliamua kwamba haki zao zilivunjwa. Ndivyo daftari la mtafiti linavyoweza kuvuka nusu karne na kumtoa mjane nje ya mlango wake.

Sasa, ikiwa wanawake, ambao ni nusu ya watu wote, waliweza kukosekana katika daftari la Cory, ni nani angemwuliza mtu aliye kama Fundi? Katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi mwanamke anaweza kubeba mzimu wa babu, akashika vitu vya babu na kusema kwa mamlaka yake, na majirani hawasemi kwamba amegeuka mwanamume wala hawasemi kwamba anaigiza. Kule Mara, kwa Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kumwoa mwanamke mwingine kwa ng'ombe ili apate watoto wa nyumba yake, nayo huitwa nyumba ntobhu. Mambo haya hayafanani, wala hayafanani na habari ya Fundi. Nayataja ili kuonyesha kwamba jamii zetu zilikuwa na vyumba vingi zaidi ya viwili, kila kimoja na mlango wake na ufunguo wake, na mtafiti mwenye kisanduku cha Me na kisanduku cha Ke hupita mbele ya milango hiyo bila kuiona.

Okot p'Bitek wa Uganda ndiye aliyetueleza vizuri kuliko wote jinsi swali linavyoweza kuzaa jibu lisilokuwapo. Katika kitabu chake juu ya dini za Kiafrika katika usomi wa Magharibi, kilichotoka mwaka 1970, anasimulia kwamba alipofika Oxford mwaka 1960 alisikia mwalimu darasani akiwaita Waafrika washenzi, akalalamika, na malalamiko yake hayakusaidia kitu. Anasimulia tena habari ya mapadre wa Kiitalia waliowauliza wazee wa Waacholi, mwaka 1911, ni nani aliyewaumba. Katika Kiacholi hapakuwa na neno la kuumba kwa maana ile. Wazee wakaulizwa ni nani aliyewafinyanga, kama chungu kifinyangwavyo. Wakakumbuka kwamba kuna mzimu unaowafinyanga watu mgongo hata wakawa na kibyongo, jina lake Rubanga. Mapadre wakafurahi, wakaandika Rubanga kuwa ndilo jina la Mungu. Kila mara ninapowafundisha wanafunzi mbinu za utafiti huwasimulia kisa hiki, nao hucheka. Huwaambia wasicheke upesi.

Lugha yetu yenyewe ina jambo la kutufundisha hapa. Katika Kiswahili, na katika Kisukuma pia, mtu ni mtu: alikuja, alisema, yeye. Kitenzi hakiulizi mwanamume au mwanamke. Mwanafunzi anapoandika ripoti yake kwa Kiingereza ndipo anapolazimishwa kuchagua, na aghalabu huchagua kwa macho yake bila kuuliza. Kwa upande mwingine majina yetu ya kuamkiana, kaka, dada, baba, mama, mayu, hubeba jinsi, na bila hayo heshima hupungua. Basi majirani wa Nyahanga walikuwa wameitatua shida ambayo wataalamu wa vyuo vikuu huiandikia vitabu: walichukua neno lenye heshima lisilobagua, wakamwita Fundi. Jambo hilo halikuwamo katika fomu yangu, na kama Fundi angekuwa mtu wa kuweka alama tu, tusingelijua kamwe.

Waliojirekebisha

Haifai kuhesabu makosa ya wageni peke yake, kana kwamba historia hii haina watu waliojifunza. Mwaka 1977 Unni Wikan wa Norwei alichapisha makala yaliyosomwa sana juu ya watu wanaoitwa khanith huko Sohar, Oman, alikokuwa amefanya utafiti miaka ya 1974 hadi 1976. Neno hilo ni ndugu wa hanithi ya Kiswahili, ingawa maana zake hazilingani. Anasimulia kwamba alikuwa akitembea na rafiki yake mwanamke, rafiki huyo akasimama barabarani kuzungumza na mtu aliyevaa kanzu ya rangi ya waridi, jambo ambalo mwanamke wa Sohar hangelifanya na mwanamume; na kwa kushangaa huko akaanza kuuliza. Aliwaeleza khanith kuwa kama jinsi ya tatu. Mwaka uliofuata Gill Shepherd, aliyeifahamu Mombasa kwa utafiti wake mwenyewe, alimpinga katika jarida lile lile: tazama, alisema kwa maana yake, nani ana mali na nani hana, nani ana cheo na nani hana. Nadhani kila mmoja aliona nusu. Katika pwani iliyowahi kuwa na watumwa na mabwana, haiwezekani kuisoma jinsi ya mtu bila kuuliza pia babu zake walisimama wapi sokoni. Mwaka 1989 mwanasheria mweusi wa Marekani, Kimberlé Crenshaw, aliipa hoja kama hiyo jina lake katika elimu ya leo, alipoonyesha kwamba madhara ya mwanamke mweusi hupotea katika hesabu ya wanawake na katika hesabu ya weusi pia, kwa sababu yeye husimama njia panda. Watu weusi wa Marekani na Ulaya waliobadili jinsi wanasema jambo lilo hilo juu ya watafiti wanaowatembelea: wa kwanza huuliza habari za rangi, wa pili habari za jinsi, na hakuna anayemwona mtu mzima.

Kwetu sisi Walutheri mfano ulio karibu zaidi ni Bengt Sundkler, aliyekuwa askofu Bukoba tangu 1961 hadi 1964. Katika chapa ya kwanza ya kitabu chake juu ya manabii wa Kibantu wa Afrika ya Kusini, mwaka 1948, aliyaona makanisa ya Kizayuni kuwa daraja la kuwarudisha watu katika upagani. Katika chapa ya pili ya mwaka 1961 aliiacha hukumu hiyo, akakiri kwamba alikuwa ametazama kwa kipimo kisichofaa. Mtu wa heshima zake, tena mmisionari, kukubali hadharani kwamba watu aliowaandika walikuwa na haki kuliko kitabu chake, ni jambo ambalo wengi wetu hatujalifanya hata katika kikao cha wazee wa kanisa.

Jirani zetu wa Kenya walichukua njia ya hesabu. Katika sensa ya mwaka 2019 waliwahesabu kwa mara ya kwanza watu waliozaliwa na maumbile ya jinsi zote mbili, ambao lugha yetu huwaita huntha, wakapatikana 1,524. Wengine husema idadi hiyo ni ndogo kuliko hali ilivyo. Inawezekana, ni nani angependa kumwambia karani wa sensa aliyesimama mlangoni na jirani akisikiliza? Lakini tangu siku hiyo hakuna ofisa anayeweza kusema watu hao hawapo. Huntha si sawa na mtu aliyebadili jinsi, na mtafiti asiyetofautisha atawaumiza wote.

Hatari ya upande wa pili ni kumpa mtu jina ambalo hakulichagua. Wengi tulisoma habari za Pili Hussein wa Mererani, zilizotangazwa na BBC mwaka 2017. Kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuingia mashimoni, alivaa na kuishi kama mwanamume kwa takriban miaka kumi, akaitwa Mjomba Hussein, akapata tanzanite na kutajirika. Mwandishi mwenye haraka angemwandika kuwa mmoja wa watu waliobadili jinsi. Yeye mwenyewe alieleza kwamba alifanya vile ili apate kazi. Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama nao walikuwa na miiko ya kumzuia mwanamke karibu na shimo, na sina shaka kwamba si Mererani peke yake kofia na suruali vimeficha mengi. Kwa nini mtu amevaa hivyo, ni yeye wa kusema.

Orodha kabatini

Sasa narudi kwenye daftari. Mwanafunzi wangu aliporudi kutoka Nyahanga alinikabidhi fomu pamoja na orodha ya watu aliozungumza nao: jina, mtaa, namba ya simu. Nilikuwa nimemwagiza mimi mwenyewe, ili niweze kuhakikisha kwamba kweli alikwenda. Niliifungia katika kabati la ofisi nikaisahau.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule, Paul Makonda, alitangaza kuunda kikosi cha kuwasaka wapenzi wa jinsi moja, akawaalika wananchi wampelekee majina. Tarehe 4 Novemba serikali ilitoa tamko kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi na siyo sera ya nchi. Katika siku hizo chache mimi niliyekuwa Mkoa mwingine kabisa sikulala vizuri. Nilikuwa na orodha. Fundi alikuwa ameongea na mwanafunzi wangu juu ya mambo yake, na jina la simu yake lilikuwa katika kabati langu, chini ya bahasha ya risiti za petroli. Mtu yeyote mwenye ufunguo wa ofisi, au mwenye amri ya kuufungua mlango, angeliweza kulisoma.

Sisi wa Shinyanga tunajua jina linaweza kufanya nini. Katika mkoa huu vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa kupikia. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika tasnifu yake juu ya mauaji hayo mwaka 1993. Baadaye yakaja mauaji ya watu wenye ualbino, ambayo dunia nzima iliyasikia. Kila mara ilianza kwa mtu kunyoshewa kidole kwa ajili ya mwili wake, na mtu mwingine kulibeba neno hilo kwenda mahali pengine. Mchungaji aliyezika mmoja wa watu hao hawezi kuniambia kwamba orodha ni karatasi tu.

Niliichoma orodha ile nyuma ya jiko. Ilinigharimu: mtahini wa nje aliuliza ushahidi wa mahojiano, sikuwa nao, na mwanafunzi akapunguziwa alama kwa kosa langu. Tangu hapo nimewaagiza wanafunzi wasiandike majina kabisa tangu mwanzo, wala mtaa, na sauti wasirekodi ila mtu akiomba. Wenzangu wengine wanaona huo ni ulegevu wa kitaaluma. Sikubaliani nao. Baumann alikuwa na umakini mwingi wa kitaaluma.

Tena wanafunzi wetu wasidhani kwamba kwa kuwa ni weusi wameokoka na lawama hizi. Mtu wa chuo anapofika Nyahanga kwa pikipiki, na kalamu, na barua yenye muhuri, yeye ndiye Mzungu wa siku hiyo. Nimesoma ripoti za wanafunzi wetu zinazowaita wachimbaji watu wasiostaarabika na wafugaji wa Kisukuma watu wa giza. Kama ningefuta jina la mwandishi, msomaji angedhani ni kitabu cha mwaka 1900.

Andiko ambalo hunijia mara nyingi katika jambo hili ni Matendo ya Mitume sura ya nane. Yule Mkushi aliyekuwa garini alikuwa mtu wa rangi yetu na alikuwa towashi, mambo mawili kwa pamoja, na kwa Kumbukumbu la Torati sura ya 23 hakuruhusiwa kuingia katika kusanyiko, ingawa Isaya sura ya 56 ilikuwa imemwahidi nafasi. Filipo hakumwendea na swali juu ya mwili wake. Aliuliza juu ya kitabu alichokuwa akikisoma, akangoja aalikwe kupanda garini, akakaa pembeni yake. Luther naye, katika maandishi yake juu ya maisha ya ndoa ya mwaka 1522, aliposoma neno la Bwana katika Mathayo sura ya 19 juu ya matowashi, aliwahesabu kwanza waliozaliwa hivyo kuwa watu ambao Mungu mwenyewe amewatoa katika wajibu wa kuoa. Hakuandika kwa ajili ya swali letu, na sitamlazimisha alijibu. Lakini alijua kwamba wapo, na aliwapa mahali katika hoja yake.

Mwaka 2019 mwanafunzi wangu alirudi Nyahanga bila fomu. Alikaa siku tisa, akasaidia kubeba maji, akahudhuria ibada pamoja na Fundi, ambaye hukaa benchi la nyuma karibu na mlango. Kabla ya kuondoka alimsomea kwa Kiswahili kurasa alizoziandika, sentensi kwa sentensi. Fundi alisikiliza akiendelea na kazi. Mahali pamoja tu alimsimamisha, pale palipoandikwa "mtu huyu anajifanya". Akaomba kalamu, akakata neno la mwisho kwa mkono wake, akamrudishia daftari na kumwambia aendelee kusoma.